Upekuzi wa hati Tabora: unachokipata, usichokipata, na kwa nini mwenye kiwanja amtangulie mnunuzi

Watu wengi wa Tabora hukutana na upekuzi wa hati, yaani kumwuliza Msajili wa Hati daftari lake linasema nini juu ya kiwanja, siku wanapotaka kununua. Wakili anasema tupekue kwanza, mnunuzi analipia, jibu linatoka na muhuri, mauziano yanaendelea. Mwenye kiwanja mwenyewe, aliyejenga Ipuli au Cheyo miaka mingi iliyopita na hati yake kaifungia kabatini, anaona jambo hilo ni la wanunuzi na madalali. Sisi tunaona kinyume. Kati ya huduma zote za ofisi ya ardhi, upekuzi rasmi ndio unaomfaa zaidi mtu ambaye tayari ni mmiliki, na ndio ambao wamiliki hawajiombei.

Sababu iko kwenye namna usajili unavyofanya kazi chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Hati uliyonayo nyumbani inaonyesha hali ilivyokuwa siku ilipotolewa, au siku ilipopelekwa mara ya mwisho kuandikwa jambo. Daftari la Msajili wa Hati ndilo linaloendelea kuandikwa. Mtu anaweza kuweka zuio, au amri ya mahakama ikasajiliwa, na hati yako isitoke kabatini hata dakika moja. Benki ukiipelekea hati hiyo kuombea mkopo haitaiamini kwa sura yake. Itapekua daftari, na hapo ndipo wamiliki wengi wanapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kiwanja chao kina jambo.

Kuhusu upatikanaji, hali ni nzuri kuliko zamani. Tangu 2020 kila mkoa una Ofisi ya Ardhi ya Mkoa yenye usajili wa hati. Kabla ya hapo Tabora ndiyo iliyokuwa makao ya Kanda ya Magharibi, na mtu wa Kigoma mwenye shida ya hati alipanda treni au basi kuja huku. Sasa kiwanja cha Gungu kinapekuliwa Kigoma, cha Isevya kinapekuliwa Tabora.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Unajaza fomu ya maombi ya upekuzi, unaambatisha nakala ya hati na ya kitambulisho, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoanza na 99, unalipa benki au kwa simu, unapeleka stakabadhi, halafu unasubiri jibu la maandishi lenye tarehe, saini na muhuri. Ada ni ile inayosomeka kwenye ankara ya serikali. Akitokea mtu wa kukuambia umpe mkononi ili "akuangalizie" ndani, huyo anakuuzia maneno. Jibu la mdomo huwezi kulipeleka benki, wala huwezi kulisimamisha mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba.

Namba unazoandika kwenye fomu

Upekuzi hauwezi kuwa sahihi kuliko namba uliyoupa, na hapa ndipo panapoharibika zaidi. Hati hubeba namba kadhaa na kila moja ina nyumba yake. Namba ya hati ni ya Msajili. Namba ya L.O. ni ya jalada la Kamishna wa Ardhi. Namba ya kiwanja na herufi ya kitalu zinatoka kwenye mchoro wa mipango miji. Namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa ni ya wapima.

Ukiandika "Kiwanja Na. 112, Ipuli" bila kitalu, unaweza kuletewa habari za kiwanja cha mtu mwingine kabisa, maana kila kitalu kinaweza kuwa na 112 yake. Kitalu "A" si kitalu "AA". Andika namba zote, kisha ongeza ukubwa kwa mita za mraba kama ulivyo kwenye ramani iliyoshonwa mwisho wa hati. Ukubwa huo ndio watu wengi wanauruka, na ndio unaoiumbua hati ya kughushi: mghushi mara nyingi huchukua namba ya hati ya kweli ya mtu mwingine, akabadilisha jina, lakini mita za mraba, kitalu na namba ya ramani vikashindwa kulingana na daftari.

Kama kiwanja kiliwahi kugawanywa au kuunganishwa, hati ya zamani hurudishwa na kufutwa, na namba mpya hutolewa. Ukipekua kwa namba ya zamani utaambiwa hati imefutwa. Hilo si la kushtukia. Uliza hati zipi zilizaliwa kutokana nayo, kisha pekua hiyo iliyo yako.

Kulisoma jibu

Jibu la upekuzi huwa fupi, na ufupi huo ndio udhaifu wake mkubwa kwa mwananchi wa kawaida. Kuna namba ya hati, mahali, jina la mmiliki, muda wa milki na tarehe ulipoanza, kisha vizuizi. Mtu huangalia jina, akiliona lake anafurahi, anakunja karatasi. Lakini habari yenyewe iko chini, kwenye vizuizi, na kwenye tarehe.

Tuanze na rehani, maana ndiyo inayosumbua wamiliki wengi waliokwishamaliza deni. Benki inapokukopesha kwa hati, rehani inasajiliwa kwenye daftari: jina la benki, tarehe, namba ya nyaraka. Unapomaliza kulipa, benki inakurudishia hati pamoja na waraka wa kufuta rehani uliosainiwa na kupigwa lakiri. Watu wanaona wamemaliza. Wanauweka waraka huo pamoja na hati, kabati linafungwa. Kumbe kwenye daftari rehani bado iko hai, kwa sababu waraka haujafika kwa Msajili, na Msajili hawezi kufuta kitu kwa habari ya kusikia. Miaka kumi baadaye mmiliki anataka kuuza, au amefariki na watoto wanataka kuhamisha, upekuzi unasema kiwanja kimewekwa rehani. Ndipo hutafutwa afisa mikopo aliyekwishastaafu.

Dawa yake ni rahisi ikifanywa mapema. Peleka hati halisi, waraka wa kufuta rehani na ada yake, rehani ifutwe, kisha omba upekuzi uone kama kweli imeondoka. Ikiwa waraka umepotea, irudie benki itoe mwingine wakati kumbukumbu zako za mkopo bado zinapatikana.

Nyumba za zamani za katikati ya mji zina ugumu zaidi, kwa sababu aliyekopesha huenda hayupo tena kwa jina lile. Benki ya Nyumba Tanzania ilifungwa 1995. NBC ya zamani iligawanywa 1997, zikatoka NBC ya sasa na NMB. Benki ya Twiga Bancorp iliunganishwa na TPB, Benki ya Posta, mwaka 2018, na TPB yenyewe ikawa TCB mwaka 2021. Daftari halijibadilishi lenyewe kufuata mambo hayo. Jina la zamani linabaki palepale lilipoandikwa. Katika hali hiyo usikimbilie tawi lolote lililo karibu. Mwandikie Msajili kwanza, umwonyeshe jibu la upekuzi, umwombe akueleze anahitaji uthibitisho gani wa nani aliyerithi haki ya rehani hiyo. Saini ya kufuta lazima itoke kwa mrithi wa haki, la sivyo waraka utarudishwa.

Zuio ni jambo jingine. Hili huwekwa na mtu anayedai ana maslahi kwenye ardhi: mke au mume, mrithi, mtu aliyelipa sehemu ya bei kisha muuzaji akamgeuka. Likiwepo, uhamisho na rehani mpya vinakwama. Msajili humtumia mmiliki taarifa, lakini huituma kwenye anwani iliyomo kwenye daftari. Itazame anwani hiyo. Hati nyingi za Tabora bado zina sanduku la posta la mwajiri aliyekwishafunga, au la mzee aliyekwishafariki. Taarifa ya zuio, ya kodi, hata notisi ya kubatilisha milki, zote zinakwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Kubadilisha anwani ni barua tu. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo la kwanza kufanya baada ya upekuzi, hata kama mengine yote yamekaa sawa.

Ukikuta zuio usilolijua, omba nakala iliyothibitishwa ya waraka uliolileta, usome aliyeliweka anadai nini. Sheria inakuruhusu kumtaka ajieleze, kupitia Msajili au Mahakama Kuu, ambayo ina masjala hapahapa Tabora. Kumfuata nyumbani kwake kugombana hakuondoi mstari hata mmoja kwenye daftari.

Kwenye muda wa milki, fanya hesabu kwa kalamu. Milki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na inahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye hati. Siku uliyonunua wewe haihesabiwi. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1 Julai 1991 ilikwisha 30 Juni 2024, hata kama ulinunua 2015. Anayebaki na miaka michache anatakiwa aanze maombi ya kuongezewa muda sasa, maana benki nazo hupiga hesabu hiyohiyo kabla ya kutoa mkopo.

Jina nalo lina mitego. Daftari likisema "Ramadhan" na kitambulisho cha NIDA kinasema "Ramadhani", siku ya kuhamisha utatakiwa kuleta kiapo. Majina yakitofautiana kabisa, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Ni nafuu kurekebisha mwenyewe ukiwa hai kuliko kuwaachia wanao wathibitishe kwamba watu wawili hao ni mtu mmoja. Kama mko wawili kwenye hati, angalia mmeandikwaje. Wamiliki wa pamoja wasio na mafungu, mmoja akifa sehemu yake inabaki kwa aliye hai. Wamiliki wenye mafungu, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi. Mstari huo mmoja hubadilisha hatima ya nyumba nzima, na wanandoa wengi hawajui waliandikwa kwa namna ipi.

Na ukiona baada ya jina maneno "msimamizi wa mirathi", huyo hajawa mmiliki kwa faida yake. Amesajiliwa kwa niaba ya warithi, kwa kawaida baada ya kuleta uteuzi wa mahakama, ambao Mahakama ya Mwanzo huutoa kwa Fomu Na. IV. Hatua inayofuata ni kuwahamishia warithi. Familia nyingi huishia hapo katikati, msimamizi naye anafariki, kazi inaanza upya.

Upekuzi unaouma kuliko yote ni ule unaorudi na jina la aliyekuuzia. Umelipa, una mkataba uliosainiwa kwa wakili, hati halisi iko mkononi mwako, umejenga na unaishi. Lakini uhamisho haukusajiliwa, na bila kusajiliwa milki haijahama kisheria. Zile fomu za uhamisho, Na. 29, 30 na 35, zilijazwa zikabaki kwenye bahasha, au hazikujazwa kabisa ili kukwepa kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu. Muuzaji akiwa hai na mnaelewana, mfuate leo. Akifariki, utawahitaji warithi wake na msimamizi wao, na huenda wao wanaiona nyumba hiyo kuwa ni ya baba yao. Wakati unahangaika, mwombe wakili akuwekee zuio ili kiwanja kisihamishwe kwa mtu mwingine kabla yako.

Yale ambayo Msajili hawezi kukujibu

Hapa ndipo tunapoipunguzia huduma hii alama, ingawa kosa si la daftari. Jibu linasema hali ilivyokuwa siku ya upekuzi. Rehani iliyosajiliwa wiki iliyofuata haimo. Kwa hiyo anayenunua apekue mara mbili: kabla ya kusaini mkataba, na tena karibu na kulipa fedha ya mwisho. Jibu la miezi sita iliyopita ambalo muuzaji anakuonyesha kwenye simu si la kulipia kitu.

Kodi ya pango la ardhi haimo kwenye jibu. Hiyo inadaiwa kila mwaka wa fedha kuanzia 1 Julai, na deni lake hufuata kiwanja. Omba ankara yake kwenye idara ya ardhi ya manispaa siku hiyohiyo unayopeleka fomu. Deni la miaka mingi linaweza kuishia kwenye notisi ya kubatilisha milki.

Kesi iliyofunguliwa bila amri kusajiliwa nayo haimo. Iulizie kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba na kwa mtendaji wa mtaa, ambaye mara nyingi anajua ugomvi kabla haujafika popote. Haki ya mwenza wa ndoa pia haimo: daftari linaweza kuonyesha jina la mume peke yake, na bado kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kikamzuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mke. Vivyo hivyo mke kwa mume. Mtu anayeishi kwenye kiwanja naye haonekani. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, kwa hiyo mmiliki aliye Dar es Salaam au Mwanza na kiwanja chake kiko Malolo asitegemee daftari kumwambia kuna mtu amejenga. Atume mtu akaone.

Akienda huko, aende na mpima mwenye leseni. Bikoni ni nguzo fupi ya zege yenye chuma katikati na namba yake, na namba hiyo inapaswa kufanana na iliyo kwenye ramani ya hati. Nyingi zimefukiwa na mchanga au zimeng'olewa wakati wa kuchimba msingi. Kosa la siku hizi ni kuingiza kwenye simu namba za kijiografia zilizo kwenye ramani, kisha kufuata kidoti. Ramani nyingi zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu inatumia WGS84, na tofauti kati ya mifumo hiyo huku kwetu inafika takribani mita 300. Utasimama kwenye uwanja wa jirani wa mtaa wa pili ukidai ni kwako. Zaidi ya hapo, kwenye UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda, Tabora iko kanda ya 36 upande wa kusini, Kigoma mjini iko kanda ya 35. Anayekosea kanda anatupwa mbali kabisa.

Mipaka ya hifadhi nayo itafute kwingine. Barabara kuu ina mita 30 kila upande kutoka katikati kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na ufukwe wa Ziwa Tanganyika una mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, jambo ambalo wenye viwanja vya Kibirizi na Bangwe wanapaswa kulijua. Kwa walio karibu na njia ya reli mpya ya SGR ya Tabora kwenda Kigoma, maswali ya fidia waulizeni wathamini wa halmashauri kabla hamjauziana.

Ardhi isiyokuwa kwenye daftari hili

Ukiwa na barua ya toleo tu, ile ya kukupa kiwanja kabla hati haijatoka, kwa Msajili hutaonekana, kwa sababu milki haijasajiliwa. Kwako upekuzi unaanzia kwenye jalada la halmashauri: je, jina lililomo ni lako, kiwanja hakikutolewa kwa watu wawili, malipo ya toleo yalikamilika? Kisha fuatilia hati. Barua ya toleo inayozeeka bila kugeuzwa hati ndiyo mlango wa viwanja vyenye wamiliki wawili.

Mashamba ya Uyui, Sikonge, Urambo au Kaliua yenye hatimiliki ya kimila hayamo pia. Hayo yako chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na daftari lake ni masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya. Pekua zote mbili na ulinganishe namba. Hati sahihi ina saini ya mwenyekiti na ya mtendaji wa kijiji, ya mmiliki, na ya afisa ardhi wa wilaya pamoja na muhuri wake. Ikikosekana ya wilaya, usajili haujakamilika. Uliza pia kama kijiji kina cheti chake cha ardhi ya kijiji, na kama eneo halimo ndani ya msitu wa hifadhi. Katika mkoa wenye misitu mikubwa kama huu, mashamba yamefyekwa ndani ya mipaka ya hifadhi na kuuzwa kwa karatasi zenye mihuri ya kijiji. Ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ya wilaya ina ramani ya mipaka hiyo. Nenda nayo shambani, wala usiridhike kuonyeshwa mezani.